Besi ya Noti Moja

Kuna uongo unaouzwa peupe kati ya Meru na Embu, na hakuna anayekamatwa kwa sababu kila mtu anaufurahia. Umeandikwa kwa stika ya rangi ya dhahabu juu ya sabufa: wati 10,000. Ingia duka lolote la vyombo vya umeme, Makutano kule Meru ama pale mjini Embu, utazikuta zimepangwa hadi dari, taa za buluu zinawakawaka. Geuza moja uangalie mgongoni, pale waya wa stima unapoingia. Mara nyingi pameandikwa wati 60 ama 80, kwa herufi ndogo kama za maelezo ya dawa. Soketi ya nyumbani Kenya ni ampea 13 kwa volti 240. Zidisha: 3,120. Hizo ndizo wati zote ambazo soketi moja inaweza kukupa kabla fyuzi haijakatika. Kwa hivyo sabufa ya wati 10,000 inayochomekwa ukutani ni muujiza unaoshinda ule wa divai kule Kana.

Sina shida na mtu anayenunua sabufa ya plastiki ya kuwekwa chini ya TV. Shida yangu ni imani inayokuja na hiyo stika, kwamba besi ni kiasi, kama unga: ukitaka nyingi, ongeza kilo. Imani hiyo imetoka dukani ikaingia kwa mabaa, kwa matatu, kwa kamati za makanisa, hadi kwa mafundi wenyewe. Na sasa inaua kitu ambacho hatutakipata tena, yaani spika za honi za zamani, pamoja na mafundi wachache wanaojua kuzitengenezea mwenzi wa kuzibebea besi.

Honi ninazosema ni zile za alumini zenye mdomo mpana kama tarumbeta. Umeziona. Ziko juu ya mti wa gravilia kwa uwanja wa kanisa, kwa mnara wa msikiti, kwa paa la gari la kampeni, kwa nguzo uwanjani siku ya Madaraka. Nyingi zilinunuliwa kabla sijazaliwa. Zimenyeshewa, zimekaliwa na ndege, na bado ukizipa wati kumi, mtu aliye ng'ambo ya bonde anasikia tangazo la mazishi neno kwa neno. Siku hizi makanisa yananunua spika mpya za plastiki za kusimama kwa miguu mitatu, na honi zinashushwa. Zinaenda wapi? Kwa mizani ya chuma chakavu. Alumini kwa kilo, shaba ya koili kwa kilo, sumaku inatupwa.

Na ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile kutoka Runyenjes hadi Nkubu: "Hazina besi."

Ni kweli, hazina. Lakini tuelewane kwa nini. Sauti ya hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, ambayo iko karibu kabisa na waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi, ina wimbi la urefu wa mita 8.6. Honi husukuma vizuri mawimbi yale tu ambayo urefu wake haupiti mzingo wa mdomo wake. Honi ya mdomo wa sentimita 50 ina mzingo wa mita 1.57, kwa hivyo ikishuka chini ya hezi 220 hivi inaanza kukohoa. Ukitaka ifike 40 ikiwa imening'inia hewani, mdomo wake uwe na upana wa karibu mita tatu. Hiyo si spika tena, ni geti.

Juu ya hezi 220, hata hivyo, ni habari nyingine. Honi nzuri ukiipa wati moja tu, ukasimama mita moja mbele yake, inatoa desibeli 105 ama zaidi. Spika ya kawaida ya inchi 15 kwa wati hiyo hiyo inatoa kama 95. Tofauti ya desibeli kumi ni nguvu mara kumi. Kile honi inafanya kwa wati tano, ile spika nyingine inatafuta hamsini. Kwa nchi ambayo stima inapotea kila mvua ikinyesha na watu wanakimbilia betri na jenereta, mtu anayeitupa hiyo kwa mizani ya kilo anajua anachofanya?

Na hizo spika mpya za plastiki, ukifungua sehemu yake ya juu utakuta nini? Honi. Ndogo, ya plastiki, imefichwa nyuma ya wavu.

Sasa tazama kinachotokea mtu akijaribu kuziokoa. Anachukua honi zake mbili, chini yake anaweka sabufa ya dukani, anafungua muziki. Honi zinalia huko juu. Sabufa inanguruma huko chini, kwa hezi 50 hivi, kila wakati hezi 50. Kutoka 80 hadi 220 hakuna mtu nyumbani. Na hapo katikati ndipo sauti ya mwanamume inaposimamia, ndipo gitaa la besi la benga linapopanda na kushuka, ndipo ngoma inapopata mwili badala ya kuwa mlio tu. Mhubiri anasikika kama amemeza bati huku lori likipanda mlima chini ya miguu yake. Watu wanatikisa vichwa na kusema honi ni mbaya. Kumbe honi ndiyo peke yake iliyofanya kazi yake.

Mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya huku kwetu hahitaji hesabu zangu. Kwaya ina soprano, alto, tena na besi. Mwalimu wa kwaya akigundua kuna mzee wa besi anayeimba noti moja kutoka ubeti wa kwanza hadi amina, hatasema "huyu mzee ana besi nzito." Atamwambia akae chini, kwa heshima, lakini akae. Mbona basi tunavumilia, na hata kulipia, boksi linalofanya kitu hicho hicho? Wimbo ukiwa wa F, bum. Ukihamia G, bum ile ile. Joseph Kamaru akipigwa kwa sabufa kama hiyo na rege ikipigwa kwa sabufa hiyo hiyo, chini zote zinakuwa wimbo mmoja. Hiyo si besi. Ni boksi linalotangaza vipimo vyake lenyewe.

Kuna mafundi wanaojua kuliondoa hilo tatizo. Si wengi. Namjua mmoja Embu, kibanda chake ni cha mabati na kiko kati ya muuza vipuri vya pikipiki na mama wa chapati, na mwingine yuko upande wa Gakoromone, Meru. Siwataji majina, hawakuniomba tangazo. Nimekaa kwa vibanda vyao siku nyingi za kutosha kujua kwamba kazi yenyewe haiko pale wateja wanapoiangalia.

Ukimpelekea huyu wa Embu honi, swali lake la kwanza halihusu wati. Anauliza, "Zitakaa wapi?" Ukumbi ni wa mawe ama mbao? Una dari ama ni mabati matupu? Ni za ndani ama za nje? Mnaimba na kinanda ama ni mahubiri tu? Halafu anaenda kutafuta spika ya inchi 15, na hapo shida inaanza, kwa sababu spika zinazofika huku hazina karatasi. Mwaustralia mmoja, Neville Thiele, alieleza mwaka 1961 jinsi vipimo vichache vya spika vinavyokuonyesha inataka boksi la ukubwa gani na tundu la namna gani, na miaka ya 1970 Richard Small akaendeleza kazi hiyo. Kwingineko spika inauzwa pamoja na hizo namba. Yetu inakuja kwa katoni lenye picha ya simba. Mara nyingine ile sumaku ya pili nyuma ni kifuniko tu, gonga usikie.

Kwa hivyo anapima mwenyewe. Simu yake ina programu ya kutoa mlio wa hezi yoyote. Anaunganisha simu na amplifaya ndogo, anapitisha waya mmoja kwa rezista kabla ufike kwa spika, anaweka mita ya kawaida ya fundi stima kwenye miguu ya spika. Anaanza hezi 20, anapanda moja moja. Volti zinapanda, zinapanda, kisha zinaanza kushuka. Pale kileleni ndipo spika hiyo inapopenda kucheza yenyewe bila kulazimishwa. Anaandika ukutani kwa chaki. Ukuta wa kibanda hicho una elimu kuliko maabara fulani niliyowahi kukaa ndani yake kabla sijaacha chuo, ambapo tulikariri mwangwi wa bomba lenye maji ili tupite mtihani na hakuna aliyetuambia kwamba lile bomba ndilo lile tundu la sabufa.

Boksi ni plywood ya milimita 18. Chipboard hataki, maana ikionja ule ukungu wa Julai wa Meru inavimba kama andazi. Tuseme ndani ni sentimita 50 kwa 50 kwa 40. Hizo ni lita 100. Anapitisha fito ndani kutoka ukuta hadi ukuta ili mbao zisicheze ngoma zao. Gundi na vumbi la msumeno vinaziba kila ufa, kwa sababu ufa mdogo kabisa unapiga mluzi mbele ya bwana harusi. Mpaka hapa ni useremala, na useremala tunauheshimu. Mteja akipita anaona mbao, anaona skrubu, anafurahi.

Kisha yanakuja mabomba. Ni mabomba mawili ya maji taka ya inchi nne, ya kawaida, ya hardware. Kwa boksi la lita 100, ukiyakata kwa urefu wa sentimita 22, hewa iliyo ndani ya boksi na ile iliyo ndani ya mabomba zinakubaliana kucheza kwa hezi 40. Ukiyakata kwa sentimita 10, boksi linaruka hadi 52. Ukiacha yale ya 22 na kuziba moja kwa tambara, linashuka hadi 28. Soma hizo namba tena. Boksi ni lile lile, spika ni ile ile, amplifaya haijabadilika, bei ya mbao haijabadilika. Sentimita kumi na mbili za bomba la maji taka ndizo zinaamua kama utasikia gitaa la besi ama utasikia bum. Hakuna stika ya dhahabu ya sentimita kumi na mbili.

Hapo sasa fundi anakaa. Anatoa mlio, anaangalia koni. Anabadilisha hezi, anaangalia tena. Katika masafa yale boksi limetyuniwa, koni inakaribia kusimama tuli, huku upepo unatoka kwa mabomba ukitikisa karatasi. Chini ya masafa hayo koni inabaki bila breki, inarukaruka ovyo bila kutoa sauti ya maana, na ukiiongeza nguvu inajirarua. Ndiyo sababu spika nyingi hufa usiku wa kesha. Watu husema zimezidiwa na wati, kumbe zimelishwa masafa ambayo hazikustahili kupewa, na filta ndogo ya kukata chini ya 35 ingeziokoa. Akimaliza hilo anatengeneza boksi la pili, dogo, lililozibwa kabisa, lenye spika ya inchi 12 ya kubeba kutoka 90 hadi 250. Hili ndilo la kuziba lile pengo. Hakuna mteja aliyewahi kuliomba, kwa sababu hakuna duka linalouza pengo.

Halafu honi zinaunganishwa, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Honi ndizo zinazoshushwa. Sabufa haipandishwi kuzifukuza, itafika mwisho wa nguvu zake na honi hazijaanza hata kutoa jasho. Anageuza nyaya za boksi la katikati, chanya iwe hasi, anasikiliza pale ambapo spika mbili zinapokezana: upande utakaojaa zaidi ndio sawa, ule mwingine mawimbi yanakatana. Mwishowe anahamisha sabufa ndani ya chumba. Chumba cha urefu wa mita nne kina besi yake chenyewe, karibu hezi 43, na ukiweka boksi mahali pabaya hiyo noti moja itavimba na nyingine zote zitakufa. Ujanja wake ni kuweka sabufa kwenye kiti cha msikilizaji, kupiga wimbo wenye besi inayotembea, kisha kuzunguka chumba akiwa ameinama hadi apate kona ambapo noti zote zinasikika sawa. Hapo ndipo boksi linahamia.

Mbao zilichukua siku moja. Haya mengine yalichukua mbili na nusu. Na analipwa nini? Mzee mmoja wa kanisa, ambaye kanisa lake silitaji, alikuja siku ya tatu akamkuta fundi ameketi kwa stuli, simu inalia *uuuu*, macho kwa koni.

"Kwani bado hamjamaliza, fundi?"

"Bado, mzee. Nasikiza."

"Kusikiza hata mimi najua."

Alihesabu mbao, akahesabu skrubu, akahesabu spika kwa bei ya risiti, akaongeza ya useremala wa siku moja. Siku mbili za kusikiza akazichukulia kama uvivu. Na huyu ni mzee mwaminifu, hawezi kumdhulumu mtu kibarua hata cha kuchuma chai. Anaamini tu, kama alivyofundishwa na stika, kwamba kitu kisicho na uzito hakina bei.

Hili ndilo linalonikera. Tunalipia ukubwa wa boksi. Tunalipia rangi nyeusi na zile kona za chuma. Tunalipia namba ya wati tukijua ni ya uongo. Lakini saa ambazo mtu anatumia kuhakikisha kwamba kitu kinasema ukweli, hizo hatulipi. Na fundi si mjinga. Akiona siku mbili za masikio hazina pesa, ataacha kusikiza. Atachukua kikombe, achore duara kwa plywood, akate tundu, apake rangi, aende boksi lingine. Wengi wameshafanya hivyo. Wasijifiche nyuma ya huruma yangu, wao pia wamo kwa hii dhambi. Fundi anayekata tundu kwa kipimo cha kikombe na kumwambia mteja "hii itavunja kioo" ni muuza stika, tofauti yake na yule wa dukani ni kwamba anafanya kazi juani.

Serikali nayo inapima nini? Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinasema eneo la makazi lisipite desibeli 50 mchana na 35 usiku, ukipima nje. Sawa. Lakini kipimo chenyewe ni kile wanachokiita dBA, kilichopangwa kuiga sikio la binadamu, na sikio la binadamu ni zito kwa besi. Kwa hezi 50 kipimo hicho kinaondoa desibeli 30 kabla hata kuandika namba. Kwa hivyo ile bum ya desibeli 80 inayotetemesha madirisha ya jirani yako Jumamosi mchana, mashine inaiandika kama 50, na mwenye baa yuko ndani ya sheria. Kanuni hizo zina kifungu kingine cha mtetemo, nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja, lakini sijawahi kuona mtu akipanda Runyenjes na mashine ya kupima huo. Matokeo ni kwamba honi ya tangazo, ambayo inasikika kwa dakika tano na kila neno linaeleweka, ndiyo inaonekana mkosaji, na sabufa ya noti moja inayonguruma hadi saa tisa usiku inapata nafuu. Anayelala karibu na baa anajua ni ipi inayomkosesha usingizi.

Nimesikia hoja za upande ule mwingine, na kuna moja inayostahili jibu. Watu wanataka kutetemeka. Kijana akipanda matatu ya kutoka Meru kwenda Embu hataki somo la gitaa la besi, anataka kifua kimgonge. Sawa, na mimi nataka. Lakini kifua kinagongwa na ngoma inayoanza na kuacha. Boksi lililotyuniwa vibaya haliachi. Noti ya kwanza bado inazunguka ndani wakati ya pili inafika, na baada ya dakika kumi mwili unazoea kama unavyozoea injini. Ukitaka kutetemeka kweli, unahitaji ukimya kati ya pigo na pigo.

Hoja ya pili hata haistahili kuitwa hoja, lakini inasemwa sana: eti haya ya kupima ni mambo ya wazungu, sisi tunafanya tu kwa feeling. Kati ya Embu na Meru kuna mji unaitwa Chuka, na kama kuna kitu kimoja watu wa nje wanajua kuhusu Chuka ni ngoma zake, zile ndefu ambazo mpigaji anazibana kati ya mapaja. Nani aliwahi kuona mpiga ngoma akianza na ngozi baridi? Ngozi inaoteshwa jua ama moto kwanza, inagongwa, inasikizwa, inarudishwa tena motoni. Huko ni kutyuni. Hakuna aliyemwambia yule mzee wa ngoma kwamba ameketi tu.

Na wazungu wenyewe tuwaseme vizuri. Mwaka 1946 Paul Klipsch, huko Hope, Arkansas, alianza kuuza spika ya honi iliyokunjwa ili ikae kwenye kona ya nyumba, kuta mbili na sakafu zikiwa ndizo mdomo wake. Alikuwa ameelewa kwamba geti la mita tatu halitoshi sebuleni, kwa hivyo akaazima sebule yenyewe. Spika hiyo imeendelea kutengenezwa miaka mingi baada yake, na matajiri wa Tokyo na New York wananunua honi za majumba ya sinema ya zamani kwa bei ya shamba. Mtu anayezirekebisha kwao anaitwa mtaalamu, anaandikiwa makala, anaulizwa maoni. Wa kwetu anafanya hesabu ile ile kwa chaki juu ya bati na tunamwita jua kali kwa sauti ile ya kusema "bahatisha tu". Sinema zetu za Nairobi, Globe, Cameo, Odeon, zilifungwa moja baada ya nyingine, na sijui hata mtu mmoja aliyeuliza nyuma ya yale mapazia kulikuwa na spika gani.

Kamati ya kanisa inayosoma hii, kama ipo, kabla hamjaita mtu wa mizani, pandeni mti mshushe honi moja. Angalieni kama ile diski ndani bado ni nzima. Ikiwa imepasuka, inabadilishwa, ni kazi ya nusu saa. Pelekeni kwa fundi. Na akiwapa bei, msiulize boksi ni kubwa kiasi gani. Muulizeni limetyuniwa hezi ngapi. Akikosa jibu, ondokeni. Akiwa na jibu, mlipeni hilo jibu.

Yule wa Embu ameanza kuandika risiti kwa mistari tofauti. Mbao. Spika. Nyaya na rezista. Useremala, siku moja. Kupima na kutyuni, siku mbili. Wateja wengi wakichukua kalamu, mstari wanaoufuta kwanza ni huo wa mwisho. Yeye habishani. Anachukua mabomba yake mawili anayarudisha juu ya rafu, anaziba mashimo kwa plywood na gundi, na kuwapa boksi lililofungwa kabisa, kwa sababu boksi lisilo na tundu husamehe makosa mengi na halina noti moja ya kung'ang'ania. Besi yake ni ndogo, lakini inatembea. Mwezi uliopita wawili walirudisha wakitaka watobolewe tundu, saizi yoyote tu, na bado wanazozana naye juu ya nani atalipia.